Bunduki ya Hewa Chini ya Kitanda

Jumatatu, 14 Mei 2001

Daftari hili ni la stovu za watu. Kurasa za mbele zina majina: nani kaleta Primus, nani kaleta pampu ya baiskeli, ina ugonjwa gani. Leo nimelipindua, naanza kwa nyuma, kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu na nikikaa nalo kifuani sitalala.

Bwana Kachale wa Area 47, yule mfugaji wa kuku wa mayai, alinitumia salamu kwamba ana pampu inayovuja. Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda baiskeli mpaka Lilongwe. Nikamkubalia kazi kabla sijaiona, ndio ujinga wangu. Akaingia ndani, akatoka na bunduki.

Nilirudi kinyumenyume mpaka nikakanyaga chombo cha maji ya kuku. Yeye alicheka akashika tumbo. "Si mfuti, Valentin, ndi chidole!" Eti kidoli cha watoto. Kweli si ya vita, haina baruti. Chini ya mtutu ina mkono wa pampu. Ukiupiga mara nane, hewa inajaa kwenye chumba kidogo cha chuma. Ukivuta kifyatulio, hewa inasukuma kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Anawapiga nayo kunguru wanaomwibia mayai. Siku hizi hewa inatoka yenyewe kabla hajalenga.

Lakini ukiiona kwa mbali utajuaje? Ina kitako, ina mtutu, ina kifyatulio. Mkimbizi akikutwa nayo kambini, hakuna atakayekaa kumsikiliza habari za kunguru. Atafungwa, kisha atarudishwa alikotoka. Nilitaka kukataa, mdomo ukasema sawa. Mdomo wangu ni mwoga kuliko mimi.

Vyombo vyangu vyote viko kambini Dzaleka, kwa hiyo niliikunja ndani ya mkeka nikaufunga kwenye baiskeli. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akauliza mkeka wa nini. Nikasema wa kulalia. Akaniruhusu. Miguu haikukanyaga pedali sawasawa mpaka nilipopita Lumbadzi.

Sasa iko chini ya kitanda, na mimi niko juu yake naandika.

Jumanne, 15 Mei

Sikuigusa. Mke wangu Espérance amefagia chumba chote isipokuwa chini ya kitanda.

Jumatano, 16 Mei

Nimefunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo katika bloku yetu ni sawa na kuwaita watu waje kuchungulia. Nikapiga pampu mara nane, nikatumbukiza mdomo wa mtutu kwenye kikombe cha maji. Viputo vikatoka mfululizo. Kumbe hewa inapitia vali ya mbele, ile inayofunguka ukivuta kifyatulio. Nikaifungua. Washa yake, ile pete ya ngozi inayoziba hewa, imepasuka kama kisigino cha mkulima.

Nikakata washa mpya kwenye ulimi wa kiatu cha zamani, nikailoweka kwenye mawese, kama tunavyofanya kwetu, mjini Baraka kando ya ziwa, kwa kila pampu. Kando ya ziwa lile sijaona fundi anayetumia mafuta mengine. Espérance alitoa vijiko viwili kwa uchungu, maana chupa ile imetoka Uvira mkono kwa mkono.

"Mawese ya batoto unapakaa bunduki," alisema.

"Sema polepole."

"Mi nasema polepole. Njo we unatetemeka."

Nikaijaza tena. Hakuna kiputo hata kimoja.

Jumamosi, 19 Mei

Nimeirudisha. Bwana Kachale amemwangusha kunguru mmoja mbele yangu, akanipa trei ya mayai. Nimerudi naimba nyimbo za kwaya juu ya baiskeli. Haikanyagi tena nyumbani kwangu.

Jumanne, 29 Mei

Baridi imeingia. Primus tatu, pampu moja. Mtoto wetu Bora anakohoa.

Jumanne, 5 Juni

Imekanyaga.

Bwana Kachale hakukasirika, na hilo ndilo baya, maana angekasirika angempa fundi mwingine. Alinieleza kwa upole. Kunguru wana akili. Wakisikia mlio wa pampu alfajiri wanaruka. Kwa hiyo yeye huijaza jioni, akailaza, ili asubuhi atoke kimya aipige mara moja. Jioni inakuwa imejaa. Alfajiri inakohoa tu, kirisasi kinaanguka miguuni.

Nilijikaza nikamwomba anipe barua, maneno mawili tu, kwamba hii ni mali yake. Akacheka tena. Barua ya kidoli? Akanifungia mwenyewe kwenye mkeka, vizuri kuliko nilivyofunga mimi.

Kuvuja kwa kasi kunaonekana. Huku kwa polepole huwezi kukuona mpaka ukae nako usiku kucha, na ruhusa yangu ni ya siku moja. Lazima ilale kwangu.

Jumatano, 6 Juni

Naandika kuhusu jirani yetu Mama Nyandwi, kwa sababu nadhani ndiye atakayeniponza.

Ni mjane wa Kirundi, amepita miaka sitini. Uzio wake wa majani unagusana na wetu. Kila siku anaketi kuchambua maharagwe, na kila siku ameelekea mlango wangu. Maharagwe gani hayo yasiyokwisha? Leo ameniita.

"Baba Bora, siku hizi unatengeneza nini? Sisikii tena nyundo."

"Pampu, Mama."

"Pampu ya nani isiyotoka nje?"

Nikacheka kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda. Jioni nikamwona anakwenda kwa Gakiza, kiongozi wa bloku. Labda alikwenda kuomba chumvi. Sijala.

Ijumaa, 8 Juni

Sina saa, kwa hiyo napima kwa sala. Jioni, baada ya kuijaza: Baba Yetu ishirini, kiputo hakuna. Alfajiri: kiputo kimoja kila Baba Yetu mbili. Mchana, nikiijaza upya: hakuna hata kiputo. Nimefungua vali, nimefunga. Nimebadilisha washa, nimeiloweka upya kwenye mawese. Ni vilevile.

Espérance anasema ni dhambi kumtumia Mungu kama saa.

Jumatatu, 11 Juni

Gakiza amepita. Alisimama mlangoni, akauliza habari za kikohozi cha mtoto, akatazama ndani juu ya bega langu, akaondoka.

Nitaandika ninachokiogopa kisha ukurasa huu nitauchoma. Nilipoandikishwa hapa niliulizwa kazi yangu. Nikasema fundi wa baiskeli na stovu. Ni kweli. Lakini watu wenye silaha waliponichukua Baraka wakanipandisha milimani miezi saba, sikubeba mizigo kama nilivyomwambia Espérance. Nilikaa chini ya turubai nikatengeneza bunduki zao. Walijua mimi ni fundi. Fundi wa kwanza, aliyekataa, walimpiga risasi mbele yangu kwa bunduki aliyokataa kuitengeneza, maana haikuwa imeharibika sana.

Nikikutwa na hii ya kunguru, wataniuliza nilijifunzia wapi. Mimi sijui kudanganya nikiwa nimekaa, natazamwa usoni.

Jumatano, 13 Juni

Espérance ameniambia kitu alichosikia kwa wanawake kwenye bomba la maji. Mama Nyandwi alipoteza watoto wawili wa kiume siku moja, kwa risasi, kwao karibu na mto Rusizi. Ndiyo sababu gurudumu likipasuka barabarani anaingia ndani.

Nami kwa siku nane nimekuwa nikikokota mkono wa pampu karibu na ukuta wake, ka-chak, ka-chak. Niliona aibu, kisha nikaogopa zaidi. Mtu kama huyo hawezi kunyamaza.

Ijumaa, 15 Juni

Nimepata. Nimepata, na ni upumbavu wangu mwenyewe.

Asubuhi Espérance alitaka kupika maharagwe. Akachukua chupa ya mawese, akaipindua, hakuna kilichotoka. Akaisimamisha kando ya moto.

"Mbona unaipasha?"

"Imeganda, we hauone? Kila asubuhi inaganda huku. Huku si Baraka."

Nilisimama na kikombe mkononi kama niliyepigwa kofi. Kwetu kando ya ziwa mawese hayajui kuganda, ni maji mwaka mzima. Hapa juu, mwezi wa sita, usiku yanakuwa magumu kama mshumaa. Mchana washa yangu ni laini, inakaa sawa kwenye kiti chake. Usiku mafuta yanakuwa chembechembe, yanaiinua kidogo tu, unene wa unywele, na hewa inatoka kidogo kidogo mpaka kunakucha. Mafundi wote wa Baraka wangekosea kama mimi, na wote wangeendelea kukata ngozi mpya mpaka viatu viishe.

Jumamosi, 16 Juni

Nimechemsha maji ya sabuni, nimeosha vali, nimeosha chumba cha hewa, nimefuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Washa mpya, kavu. Fidès, mshonaji wa kanisani, amenipa tone la mafuta ya cherehani kwenye kifuniko cha chupa. Aliuliza ni ya nini, nikasema pampu. Nimelisema neno hilo mara nyingi hata nimeanza kuliamini.

Jumatatu, 18 Juni

Jioni imejaa. Alfajiri nimesali Baba Yetu hamsini, kikombe kimetulia. Nitaipima usiku mmoja zaidi, niwe na hakika, kisha Alhamisi naomba ruhusa niiondoe.

Jumanne, 19 Juni

Amefariki mzee Ntahomvukiye wa bloku ya pili, kifua. Wanawake wanapeleka kuni matangani. Bunduki inashika hewa. Siku mbili tu zimebaki.

Jumatano, 20 Juni

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi nilitia kirisasi kimoja, nikapiga pampu mara nane. Nilitaka kuipiga kwenye gunia la udongo nyuma ya nyumba, nione nguvu yake baada ya kulala na hewa. Kabla sijatoka, wakatangaza mgao wa mahindi umeanza mapema. Ukikosa foleni umekosa mwezi. Nikaisukuma chini ya kitanda vilevile, ikiwa imejaa na ina risasi, nikakimbia na kadi. Espérance alikuwa bombani, Bora shuleni. Nilijiambia dakika chache tu.

Nilikuwa nimebakiza watu kumi nilipomsikia mtu nyuma yangu akisema askari wameingia. Duka moja huko barabarani limeporwa na watu wenye bunduki, sasa askari wanapekua nyumba kwa nyumba. Wameanzia bloku gani? Akataja yetu.

Niliacha foleni. Sikumbuki njia. Nakumbuka godoro letu liko nje juani, na sufuria zote, na Gakiza amesimama kando yake na askari wawili wakitoka mlangoni kwangu wakipangusa mikono.

"Wamemaliza," Gakiza akaniambia. "Hakuna kitu."

Hakuna kitu? Nikaingia, nikapiga magoti. Chini ya kitanda kulikuwa na mkeka mtupu.

Kama wangeichukua wao, wasingeniacha. Basi kaichukua nani? Kwanza nikamfikiria Bora, karudi na kikohozi, kaitoa kuchezea. Nikaona mtoto wangu na risasi ile. Nikatoka nje kama kichaa, na hapo ndipo nikamwona Mama Nyandwi.

Alikuwa njiani, anakwenda upande wa bloku ya pili, na mzigo mrefu wa mabua ya mahindi kichwani. Anatembea polepole, shingo imenyooka. Mbele ya mzigo, katikati ya mabua, kulikuwa na kitundu cheusi, duara. Mtu mwingine asingekiona. Mimi nimekitumbukiza kwenye kikombe siku kumi na tano.

Askari wa tatu alikuwa mwisho wa njia. Akanyoosha mkono.

"Agogo, mukupita kuti?" Bibi, unakwenda wapi.

"Kumaliro," alisema. Msibani. Sijui alijifunza lini neno hilo.

Askari akasimama mbele yake, uso kwa uso, na kile kitundu kikawa kinatazama paji la uso la yule kijana. Mzigo ukayumba. Bua moja likisogea, likigusa kifyatulio, basi. Nimeomba majuma mawili hewa ile isitoke. Pale njiani niliomba kwa nguvu zangu zote itoke, yote, kazi yangu iwe mbovu, washa ipasuke, niwe fundi wa uongo mbele ya watu wote. Nilijua haitatoka. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri.

Yule askari akavua kofia. Kwao msiba ni msiba. Akaushika mzigo kwa mikono miwili, akaunyoosha juu ya kichwa cha bibi, akampisha.

Nilimfuata kwa mbali. Matangani wanaume wamekaa upande mmoja, wanawake upande wa moto, na kuni zimerundikwa karibu na masufuria. Akatua mzigo wake palepale kwenye rundo. Nikaona mwanamke anakuja kuchukua mabua ya kuchochea. Mama Nyandwi akaukalia mzigo.

Aliukalia tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Waliimba, hakusimama. Walipakua chakula, akaletewa palepale. Binti mmoja akamwambia, "Mama, sogea tutoe kuni," akajibu miguu yake imekufa, wachukue zile nyingine. Mimi nilikuwa upande wa pili na wazee, nikiulizwa hali, nikiitikia nisichokisikia. Kila moto ulipopungua na mtu akainuka kutafuta kuni, nami niliinuka nusu, kisha nikaketi tena.

Gari la askari lilipoondoka akaniita mbele ya watu.

"Baba Bora, nirudishie mabua yangu nyumbani. Haya mabichi, hayawaki."

Nikayabeba kichwani, mdomo wa mtutu nimeuelekeza juu. Watu walinicheka, mwanamume anabeba mabua kama mwanamke. Niliwapungia mkono.

Nyuma ya nyumba nikaipiga kwenye gunia la udongo. Kirisasi kiliingia urefu wa kidole. Kwa muda wa saa nane imeshika, bila kupoteza hata pumzi moja. Niliketi chini nikalia.

Alhamisi, 21 Juni

Nimeirudisha. Nimemwambia Bwana Kachale asiniletee tena, nikaeleza ya jana yote, na safari hii hakucheka. Alisema hakujua. Nadhani kweli hakujua. Amenipa kuku jike, mweupe.

Mgao wa mahindi tumeukosa. Espérance alimtazama kuku nikamwona anamchinja kwa macho. Nikasema kuku huyu ni wa Mama Nyandwi. Hakubisha.

Nilimkuta anachambua maharagwe yake. Nikampa kuku kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamwomba msamaha kwamba nilimdhania mpelelezi. Akamweka mapajani, akampapasa.

"Sikufanya kwa ajili yako," alisema. "Nilifikiri wewe ni mmoja wa wale wenye bunduki, umejificha hapa unangoja. Nilimwambia Gakiza akuangalie. Lakini askari wakikuchukua, nyumba inabaki na mwanamke na mtoto. Nimeziona nyumba hizo."

"Haikuwa bunduki ya watu, Mama. Ni ya kunguru."

"Kitu kilikuwa kizito." Akampapasa kuku tena. "Nilikuwa nakuona kwa upenyo; askari walipoingia bloku nilijua pa kuitafuta. Mtu akipewa kitu asichokijua anakigeuzageuza kwanza. Wewe hukugeuza. Mikono yako ilikwenda moja kwa moja. Ulijifunza wapi?"

Hakuwa ofisa. Hakuwa na karatasi. Sijui kwa nini sikuweza kumdanganya. Labda kwa sababu ya zile saa alizokaa juu ya risasi yangu. Nikamwambia: milimani, chini ya turubai, miezi saba. Na yule fundi wa kwanza.

"Ulitengeneza nyingi?"

"Nyingi."

"Zilifanya kazi?"

"Zote, Mama."

"Baadaye wakaenda nazo wapi?"

"Wengine walibaki hukohuko. Wengine walivuka Rusizi."

"Kuja kwetu."

"Ndiyo."

"Mwaka gani?"

"Tisini na saba. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi."

Mkono wake ulisimama juu ya mgongo wa kuku. Kisha akamwinua kuku kwa mbawa zote mbili, taratibu, asimuumize, akanirudishia mikononi.

Sikumuuliza wanawe walikufa mwaka gani. Naogopa kumuuliza. Kuku nimemfunga mlangoni, na Espérance amenipitia mara mbili akiuliza mbona amerudi.